Belti mpya mara mbili na bado inalia, nibadili tenshena nzima au puli tu?

SWALI: Fundi, gari yangu ina miaka 18. Ndani ya mwaka mmoja nimefunga feni belti mpya mara mbili, na bado asubuhi nikiwasha inalia mpaka naona aibu, nikiweka AC na taa ndo inazidi. Fundi mmoja aliipaka sabuni ikanyamaza siku mbili. Mwingine anasema tenshena imechoka ila nikibadili puli yake tu inatosha. Spana ninazo, naweza kufanya mwenyewe?

JIBU: Mkuu, sabuni achana nayo kabisa, na zile dawa za kupuliza kwenye belti pia, zinanyamazisha kidogo alafu uchafu unaganda kwenye mifereji na belti inateleza zaidi ya mwanzo. Belti mbili ndani ya mwaka mmoja, hapo belti unaionea tu.

Tenshena ni mkono wenye springi ndani na puli mbele (puli ni kigurudumu kinachozungushwa na belti), kazi yake kuikaza belti muda wote iwe engine ya baridi au imechemka. Ila kuna kitu wengi hawakijui, mle ndani kuna na kipande kinachosuguana ili mkono usirukeruke, kikilika springi inabaki inadunda yenyewe. Kwa umri wa gari yako huenda springi imelegea, bushi imeliwa, puli imeanza kukaa upande na belti inachanika pembeni. Sasa ukiwasha AC kompresa inataka nguvu, taa nazo zinaibebesha alteneta mzigo, belti iliyolegea inateleza, ndo hiyo kelele.

Kabla hujanunua chochote hakikisha. Washa gari, simama pembeni, nguo na mikono viwe mbali, mulika tochi kwenye mkono wa tenshena engine ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta. Kutikisika kidogo kawaida, ila ukiuona unaruka huku na huku kwa macho kabisa huo umekufa. Alafu chukua chupa ya kupulizia, pulizia maji kidogo upande wa mifereji. Kelele ikiongezeka belti inateleza, maana yake mkazo hamna. Ikipotea alafu ikarudi maji yakikauka, kuna puli haijakaa kwenye mstari. Zima, angalia palipo na egemeo la mkono, ukikuta vumbi jekundu kama kutu, chuma kinasagana na chuma.

Kuhusu puli peke yake, inafaa pale ambapo mkono bado mzima na kinachounguruma ni beringi tu. Utaijua ukishatoa belti, izungushe kwa kidole, ikienda muda mrefu kavu kavu na sauti kama ya mchanga, grisi imeisha. Ila yako inalia ikipata mzigo, hiyo mara nyingi ni springi, na kama vipimo vya juu vimethibitisha puli mpya haitakusaidia kitu. Funga tenshena nzima na belti mpya pamoja, na belti ilingane urefu na idadi ya mifereji, ikizidi hata kidogo tenshena inafanya kazi nje ya alama zake. Na usidanganyike kwamba belti haijapasuka basi ni nzima, hizi za kisasa hazipasuki kama za zamani, zinalika taratibu kama tairi.

Kufanya mwenyewe unaweza. Engine iwe ya baridi, toa waya hasi wa betri, na kabla hujagusa kitu piga picha njia ya belti, tena mbili tatu, maana ukishaivua kila puli inafanana. Kwenye mkono kuna tundu la mraba au kichwa cha bolti, weka spana ndefu, sukuma upande unaolegeza belti, ivue kwenye puli iliyo rahisi kufikia alafu rudisha mkono polepole. Usiuachie ghafla, ile springi haina huruma na vidole.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Nyuma ya tenshena nyingi kuna kijipini kinachoingia kwenye tundu la engine. Mimi enzi najifunza nilikaza bolti kijipini kikiwa nje ya tundu lake, nikasikia "ka!", nikadhani imekaa vizuri kumbe bodi ya tenshena mpya imepasuka, gari haijawaka hata dakika moja. Kwahiyo ikalishe tenshena kwa mkono kwanza mpaka ilale flati, usiivute kwa kukaza bolti. Bolti zenyewe anza kwa vidole, mara nyingi zinaingia kwenye aluminiamu na nyuzi zikishachanika kazi inakuwa nyingine kabisa, alafu malizia na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari yako. Ukija kubadili puli siku nyingine kumbuka baadhi ya bolti zake zinafunguka kinyume.

Ukirudisha belti, upande wenye mifereji unakaa kwenye puli zenye mifereji, mgongo unapita kwenye puli laini. Pitisha kidole puli moja moja, belti ikiruka mfereji mmoja tu itajikata yenyewe. Na kama kuna oili inayovuja juu yake, ziba kwanza, la sivyo utarudi kuniuliza hili hili.

Washa, weka AC na taa, kata stelingi mpaka mwisho, angalia tena ule mkono. Mkono ukitulia funga boneti. Ukiendelea kuruka na tenshena ni mpya, kaangalie puli ya krenki kama mpira wake umeachia na inayumba, pia puli ya alteneta kama ni ile yenye klachi ndani, hizo mbili zikifa zinaua na tenshena.