Uliza Mwalimu: Rosa alianza kuanguka ukurasa gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu binti mmoja wa Ukerewe ambaye hajawahi kuzaliwa: Rosa, wa riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Nimechagua tatu. Ya kwanza imenichoma, kwa hiyo imekula nafasi ya wenzake. Wataniwia radhi.

*Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Sita. Tumepewa swali la kuhakiki ukatili, ndoa na nafasi ya mwanamke katika Rosa Mistika. Mwalimu wetu anasema Rosa aliponzwa na tamaa zake, kwa sababu alikuwa na elimu na akili timamu. Mimi naona chanzo ni baba yake. Nikisema hivyo darasani wavulana wananicheka, eti natetea uhuni. Nijibu vipi?*
Msichana wa Kidato cha Sita, Dodoma

Marahaba mwanangu. Kabla ya kukujibu, acha nikukiri jambo. Mimi pia nilishawahi kuwa upande wa mwalimu wako.

Mwaka 1975 nilikuwa shule ya bweni ya wasichana, Kidato cha Pili. Kitabu hicho kilikuwa kimepigwa marufuku mashuleni, na unajua wasichana wa bweni wakikatazwa kitu. Nakala iliyopenya kwetu ilikuwa imechanwa vipande vitatu ili wasome watu watatu kwa mpigo. Kila kipande kilivikwa jalada la daftari la hesabu. Zamu yangu ilipofika nikapewa kipande cha kati.

Kwa hiyo nilikutana na Rosa akiwa amekwisha kuwa wa wanaume. Nilimwona yuko chuo cha ualimu Morogoro, ana uhusiano na mkuu wa chuo mwenyewe, anatoa mimba. Nilisoma kwa tochi chini ya blanketi, na kabla betri hazijaisha nilikuwa nimeshamhukumu. Asubuhi nikawaambia wenzangu kwamba yule msichana ni malaya tu, kajitakia.

Kipande cha kwanza nilikipata muhula uliofuata. Humo ndimo nilimokuta barua. Niliona aibu ambayo hadi leo, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha Fasihi, sijaimaliza.

Sasa tuje kwenye swali lako. Wanafunzi wengi wakiulizwa habari ya ukatili, ndoa na mwanamke huchora visanduku vitatu. Kisanduku cha ukatili: Zakaria, baba yake Rosa, anampiga mkewe Regina. Kisanduku cha ndoa: Charles, mchumba wake, anamwacha Rosa. Kisanduku cha mwanamke: anaonewa. Kisha hoja, mfano, hoja, mfano, mpaka karatasi inajaa. Si kosa, ila ni sawa na kumpasua kuku vipande halafu ukaulizwa alikuwa anatembeaje.

Achana na visanduku. Shika kitu kimoja ukifuate kitabu kizima. Mimi ningeshika ile barua.

Rosa ni msichana mdogo hapo kijijini kwao, Namagondo. Kijana Charles anamwandikia barua. Barua inajulikana kwa baba yake, Zakaria, mlevi, na Zakaria anampa Rosa kipigo kikali. Tazama vizuri nani anapigwa. Mwandishi wa barua hapigwi, anapigwa aliyeandikiwa. Hapo hapo, katika tukio moja, umeshapata ukatili na umeshapata jinsia: msichana anaadhibiwa kwa sababu mvulana amemtamani.

Na mkono uliompiga Rosa ndio ule ule unaompiga mama yake. Rosa amekua akiona kwamba ndoa ni mahali ambapo mkono ule unaishi. Basi usiandike kwamba riwaya ina dhamira ya ukatili *na* dhamira ya ndoa, kama wapangaji wawili wa vyumba tofauti. Katika nyumba ya Zakaria ni chumba kimoja.

Kipigo kile kilimfundisha nini? Kilimfundisha kuogopa wanaume. Hakikumfundisha kuwapima. Mtu anayeogopa kitu asichokijua hawezi kujua kipi katika aina ile ni hatari na kipi si hatari. Anapofika sekondari Mwanza anawakwepa wavulana kwa muda, na walimu wangemwita mwenye nidhamu. Halafu anatokea Deogratias, mtu mzima, mwenye kazi na maneno. Uzio wote unaanguka kwa siku moja, kwa sababu ulijengwa kwa woga tu. Ukiandika sentensi hiyo kwa maneno yako mwenyewe, na kuipa mifano yake kwa mpangilio wa matukio, umejibu nusu ya swali.

Hata hivyo, mwanangu, usimfanye Rosa malaika. Hapa mwalimu wako ana chembe ya ukweli, na ukimnyima chembe hiyo atakunyima alama. Baada ya kuangushwa mara ya kwanza, Rosa anachagua mambo. Morogoro hakuna anayemshika mkono kwa nguvu kila mara. Anafurahia, anatumia, anadanganya. Andika hayo. Kutafuta chanzo cha kosa si kulifuta kosa, na Kezilahabi hakuwahi kumfuta Rosa kosa lolote. Alichokataa ni kumwacha alibebe peke yake.

Ushahidi wako mkubwa uko mwishoni kabisa. Rosa akiisha kujiua, kitabu hakifungi. Kinapanda mbinguni, na huko mbele ya Mungu hasimami binti peke yake, yuko na baba yake. Kama jibu lingekuwa “tamaa za Rosa” na basi, Zakaria angeitwa kwenye kesi hiyo kufanya nini? Mwulize mwalimu wako swali hilo, kwa adabu, na kwa kunyoosha mkono kwanza.

Turudi kwa barua. Charles aliyeiandika ndiye anayekuja kuwa mchumba wa Rosa baadaye, Rosa akiwa ameshatulia. Mtu ambaye kwa ajili yake alipigwa utotoni ndiye anayemkataa alipojua kwamba si bikira. Na Charles hainui mkono. Hana fimbo, hanuki pombe, ni kijana mstaarabu. Wanafunzi wangu walikuwa wakimweka kwenye orodha ya wahusika wema! Lakini linganisha: Zakaria alimpiga binti kwa kuogopa asichezewe, Charles akamwacha kwa kuwa alichezewa. Kipimo chao ni kimoja. Mmoja anatumia ngumi, mwingine neno, na lililomwua Rosa ni neno.

Hao wavulana wanaokucheka waulize jambo moja tu, kisha ukae: Charles naye alipimwa na nani?

Kama unataka kitu ambacho wenzako hawatakuwa nacho, angalia majina. Mimi mwenyewe sikuyaona mpaka mwezi Mei mmoja, kwenye rozari ya jumuiya yetu, tulipofika katika litania ya Bikira Maria mahali pa “Waridi lenye fumbo, utuombee”. Nikasahau kuitikia. Waridi lenye fumbo, kwa Kilatini, ndiyo Rosa Mystica. Kezilahabi alisoma seminari ya Nyegezi, litania aliijua kwa moyo. Regina maana yake ni malkia, na litania ikielekea mwisho ina mfululizo wa “Malkia wa”, huku malkia wetu wa Namagondo akila kipigo. Deogratias, yule mrubuni, jina lake ni “ashukuriwe Mungu”. Na Zakaria wa Injili ya Luka alifungwa ulimi hadi mwanawe alipozaliwa na kupewa jina. Wa Ukerewe hakufungwa chochote. Katika mtihani hiyo unaiweka upande wa fani: kejeli kupitia majina. Usiiandike zaidi ya aya moja, inalewesha.

La mwisho kwako ni mazingira. Riwaya ilitoka 1971. Mwaka huo huo Tanzania ilipata Sheria ya Ndoa, na kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake wa ndoa adhabu ya viboko. Kwa hiyo mwaka ule ule wa kitabu, fimbo ya Zakaria juu ya Regina ilifanywa haramu kwa maandishi. Lakini soma neno kwa neno: mwenzi wa ndoa. Binti hakutajwa. Fimbo ile ile ikimshukia Rosa iliendelea kuitwa malezi. Na sheria hiyo hiyo, kifungu cha 13, ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 ilhali mvulana alisubiri 18. Ilichukua mpaka 2016 Mahakama Kuu kusema kwamba hilo linapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kezilahabi hakuwa mwanasheria. Aliliona pengo kwa macho ya mtu wa kijijini.

*Mwalimu, hujambo? Niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma Kiswahili. Mimi naona mwandishi mwenyewe ni tatizo. Mwanamke akikosea, kwake lazima afe. Je, Kezilahabi hakuwa sehemu ya mfumo dume anaoukosoa?*
Mwanafunzi, Dar es Salaam

Sijambo. Hoja yako ya kifo haisimami vizuri, lakini nyuma yake kuna nyingine iliyo bora, na nitakupa bure.

Haisimami kwa sababu wanaume wa Kezilahabi nao wanakufa. Kazimoto wa Kichwamaji, 1974, anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, anaishia kitanzini kwa hukumu ya mahakama. Katika riwaya zake za mwanzo kuingia ukiwa mhusika mkuu ni kama kusaini kifo chako.

Ila tazama nani anasimulia. Kazimoto anajisimulia mwenyewe: “mimi” yake imejaa kitabu, tunakaa ndani ya kichwa chake, anawaza juu ya Mungu na maana ya kuishi, anakosea na bado tunamwelewa. Rosa anasimuliwa. Msimulizi yuko nje yake, anamwona anavyotembea, anavyovaa, anavyotendwa, na mara nyingine sauti ya msimulizi huyo inafanana mno na ya mzee wa kijiji anayetikisa kichwa. Mwanamume alipewa nafsi ya kwanza, mwanamke akapewa ya tatu. Hapo ndipo ningechimba kama ningekuwa wewe, kwa sababu hapo jinsia haiko katika maudhui, iko katika sarufi ya usimulizi.

Kwamba alikuwa sehemu ya mfumo: bila shaka, nani hakuwa? Mimi nililelewa humo, nikamwita Rosa malaya nikiwa chini ya blanketi. Lakini mtu aliye ndani ya nyumba ndiye anayejua paa linavuja wapi. Usiandike “Kezilahabi anachukia wanawake”. Andika kwamba aliuona uonevu wazi kuliko alivyoisikia sauti ya anayeonewa, kisha uthibitishe kwa kurasa.

*Mwalimu, salaam. Nina mabinti watatu. Mkubwa ameleta nyumbani hiki kitabu, wanakisoma shuleni. Nimefungua nikakuta mambo ya mimba na wanaume. Zamani kilipigwa marufuku, na naona walikuwa na sababu. Nimnyang'anye?*
Baba wa mabinti, Tabora

Salaam, ndugu yangu. Umefungua ukurasa gani? Naona umefungua katikati, kama mimi.

Marufuku ile haikutuzuia, ilituchania kitabu tu. Kila msichana bwenini alikisoma, lakini kwa vipande, usiku, bila mkubwa wa kumwuliza. Waliotufungia walitaka tusijue habari za wanaume, na matokeo yake tukazijua kutoka katika kipande cha kati. Unaona ilivyofanana na mbinu ya Zakaria? Sikusemi wewe. Wewe umeandika barua kuuliza kabla ya kuinua mkono, tayari mko mbali.

Mwachie kitabu. Ila kiazime kwake jioni mbili tatu, ukianzie mwanzo, maana siku moja atakuuliza kwa nini yule baba alimpiga binti kwa barua ambayo hakuiandika yeye, na usije ukamjibu kwamba bado hujafika hapo.