Mfilisi akiteuliwa, mkurugenzi bado anadaiwa hesabu

Wakurugenzi wengi niliowahudumia katika kazi yangu ya uhasibu hapa Dar es Salaam huamini kwamba mfilisi, yaani anayesimamia kufungwa kwa kampuni na kulipwa kwa wadai wake, akishateuliwa wao wamemaliza, na yaliyobaki ni baina yake na wadai. Ni kweli kwamba mamlaka yao ya kuendesha kampuni hukoma, kwa hiyo hawawezi tena kusaini hundi wala kuuza hata kiti cha ofisini. Lakini wajibu wa kutoa hesabu haukomi, na hapo ndipo unapokuwa mzito zaidi, kwa sababu hakuna mwingine anayejua gari lipi liliuzwa, nani alikopeshwa na kwa makubaliano gani.

Kwa Tanzania Bara mambo haya yamo katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, Sura ya 212. Mahakama ikiamuru kampuni ifilisiwe, wakurugenzi na katibu wa kampuni hutakiwa kuiwasilishia ofisi ya ufilisi ya Serikali, iliyo chini ya RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), taarifa ya hali ya kampuni iliyothibitishwa kwa kiapo, ndani ya siku 14. Humo huorodheshwa mali, madeni, majina ya wadai, anwani na shughuli zao, pamoja na dhamana anazoshikilia kila mmoja na tarehe alizopewa. Muda unaweza kuongezwa, ila omba kabla haujaisha, kwa barua yenye sababu. Anayeomba baada ya muda kupita huwa ameshaanza kutiliwa shaka.

Ninachokiona mara kwa mara ni mkurugenzi kuchukua hesabu za mwisho zilizokaguliwa, akabadilisha tarehe na kudhani amemaliza. Hesabu za mwaka huandaliwa kwa kudhani kwamba biashara inaendelea, ilhali taarifa hii inauliza kila kitu kitauzwa kwa bei gani leo. Katika kampuni moja ya usafirishaji niliyoisaidia, lori lilikuwa bado na thamani nzuri vitabuni baada ya kukatwa uchakavu, lakini lenyewe lilikuwa gereji bila injini, na kadi yake ilikuwa benki kama dhamana ya mkopo. Tuliweka safu mbili, moja ya thamani ya vitabuni na nyingine ya kiasi kinachoweza kupatikana sokoni, na pembeni tukaandika jina la benki. Orodha ya wadaiwa tuliipitia vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mteja aliyefunga duka na kuhama mji si mali, hata kama ankara yake bado imo kwenye kompyuta.

Jambo dogo ambalo huwaumiza wengi ni risiti za EFD, yaani za mashine za kielektroniki za kodi. Karatasi yake hufifia, na boksi lililokaa stoo kwenye joto hutoa vipande vyeupe visivyosomeka. Toeni nakala mapema, na taarifa za benki ziombwe kabla akaunti hazijafungwa. Kumbukumbu za kodi zenyewe sheria inataka zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano.

Pale wanahisa wanapoamua wenyewe kuifunga kampuni yenye uwezo wa kulipa madeni yake, wakurugenzi husaini tamko kwamba wamechunguza mambo yake na kuridhika kuwa madeni yatalipwa yote ndani ya muda usiozidi miezi 12. Tamko hilo hutolewa kabla ya azimio la wanahisa la kuifunga, likiambatana na orodha ya mali na madeni. Madeni yasipolipwa katika muda uliotajwa, sheria humchukulia mkurugenzi kuwa hakuwa na sababu za msingi za kutoa tamko hilo, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Kwa maoni yangu hakuna karatasi inayosainiwa kwa wepesi kama hii, kwa kuwa kampuni huonekana haina deni mpaka yakumbukwe makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) yanayobishaniwa, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na stahiki za wafakazi wanaoachishwa.

Hesabu na ritani (taarifa za kila mwaka) za miaka ya nyuma ambazo hazikufika BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, nazo hazifutwi na ufilisi, kadhalika ritani za TRA zinazotakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kuisha. Anzeni nazo, maana taarifa ya hali ya kampuni isiyo na hesabu za nyuma huzaa maswali kila ukurasa.

Kujiuzulu mapema hakumwondoi mtu katika haya, kwa kuwa aliyewahi kuwa mkurugenzi anaweza pia kutakiwa kutoa maelezo. Anayeondoka aandike hati ya makabidhiano inayotaja vitabu, akaunti na mali alizoziacha, isainiwe na anayepokea, na nakala moja aondoke nayo.