Bakapu ya seva moja kati ya mbili haitoshi

Ndugu wa Moshi, nimekusoma: ghala lenu la kahawa lina seva mbili za Windows kwenye klasta (kundi la seva ambapo moja ikizima nyingine inaendeleza kazi), zinatumia diski moja ya pamoja, nawe unauliza kama bakapu, yaani nakala ya akiba, ya seva moja inatosha.

Haitoshi. Klasta inakuokoa seva moja ikizima. Mtu akifuta hesabu za wakulima, au virusi vikiingia, seva zote mbili zitaona uharibifu uleule.

Chukua bakapu ya kila seva, na uweke tiki kwenye System State (hali ya mfumo), maana humo ndimo mipangilio ya klasta inamokaa. Klasta iwe inafanya kazi na ina akidi (quorum), yaani kura za kutosha kuendelea kufanya kazi, wakati huo. Hapa ndipo wengi wanapokwama: Windows Server Backup, programu ya bakapu ya Windows, hubeba diski zilizo hai kwenye seva hiyo tu. Fungua Failover Cluster Manager, programu ya kusimamia klasta, sehemu ya Disks, utazame safu ya Owner Node, inayoonyesha seva inayoshika kila diski. Diski ya data ikiwa imeshikwa na seva ya pili, bakapu ya seva ya kwanza haina data yenu hata kidogo.

Seva moja ikifa, irejeshe kawaida. Itachukua mipangilio mipya kwa mwenzake. Lakini mipangilio ya klasta yenyewe ikiharibika, usijaribu peke yako, tafadhali. Urejeshaji wa aina hiyo unairudisha klasta nzima nyuma, na huduma ya klasta lazima isimamishwe kwanza kwenye seva nyingine. Ita fundi aliyewahi kuufanya.

Nakala nyingine ipelekeni Arusha, kwenye diski isiyochomekwa popote. Kisha jaribuni kurejesha faili chache kabla msimu haujaanza.