Kwa wewe uliyefika Iten juzi kukimbia

Karibu mdogo wangu. Wiki za kwanza utahema vibaya, usishtuke, hapa Iten, Kenya, tuko karibu mita 2,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na figo zikihisi oksijeni imepungua zinatoa homoni ya EPO inayofanya mwili utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu. Pole pole utaanza kufuatana na wenzako kwa ile barabara ya marram.

Shida ni kwamba hiyo EPO inauzwa pia kama sindano. Ilitengenezewa wagonjwa, kama wale wa figo walioishiwa damu, na hapo sina neno nayo kabisa. Lakini akidungwa mtu mzima wa afya damu inakuwa nzito, moyo unaisukuma kwa shida, ikiganda anaweza kupata stroki akiwa kijana. Na anayekuletea hatasema ni EPO, atakwambia ni vitamini, kila mtu anatumia, utanilipa ukishinda. Ukisikia hivyo ondoka, maana huyo anacheza kamari na mwili wako yeye akiwa hana cha kupoteza.

Wengi huuliza, mbona basi viatu vya kaboni, vile vyenye sahani ngumu ndani ya soli, vinaruhusiwa na vyenyewe vinaongeza spidi? Swali ni la haki. Tangu 2020, kwa mbio za barabarani, soli isizidi milimita 40 na sahani ndani iwe moja tu, kwa hivyo hata huko kuna mpaka. Bei yake ndio inaniuma, kijana wa raba za mtumba anaachwa kabla mbio hazijaanza, na hiyo naiona si sawa mpaka leo. Lakini kiatu unakivua jioni, na kila mtu kwa mstari anakiona. Sindano inafichwa, mmoja akidungwa wa pili anaona asipodungwa ataachwa, mwisho kambi nzima inatumia dawa ya ugonjwa ambao hakuna mtu anao.

Mkenya mwenzetu Jemima Sumgong alileta dhahabu ya marathoni kutoka Olimpiki ya Rio 2016, mwaka uliofuata akapatikana na EPO, akafungiwa miaka 4, halafu ikapanda hadi 8 kwa sababu ya kudanganya kuhusu matibabu.

Sasa ya kila siku. Ukiugua mwambie daktari kabla hajaandika kitu kwamba wewe ni mwanariadha unayepimwa, piga picha ya pakiti, weka risiti, na usimeze dawa ya mwenzako hata kama ni ya kichwa tu, kwa sababu kikipatikana kwa mkojo wako ni chako, hawaulizi kwanza nani alikupa. Ukishaingizwa kwa orodha ya kupimwa utajaza kila siku mahali ulipo na dakika 60 ambazo lazima wapimaji wakupate hapo, weka alfajiri kabla hujatoka mazoezi, na ukienda nyumbani kusalimia wazazi badilisha mahali ulipoandika kabla hujapanda matatu. Ukikosa mara 3 ndani ya miezi 12 unaweza kufungiwa hadi miaka 2, hata kama hujadungwa chochote.