Mshale wa Mizani na Kopo la Bibi

Mmeuliza wiki hii: je, kumwamini Mungu kunabadilisha mwenendo wa mtu? Mimi nina duka Ngamiani, Tanga. Napima mchele na sukari toka asubuhi hadi baada ya isha, kwa hiyo nitajibu nikiwa hapa hapa nyuma ya mizani.

Niwape kwanza kisa cha mjomba wangu. Alikuwa anajenga huko Duga, usiku wa Jumanne akaibiwa mifuko sita ya saruji. Polisi hakwenda. Ijumaa baada ya swala aliomba dakika moja, akasema kwa upole kabisa kwamba saruji isipoonekana, Jumapili anasomesha halbadiri. Kwa wasomaji wa bara: ni kisomo cha kuwataja waliopigana vita vya Badri upande wa Mtume na kumwomba Mungu haki kwa heshima yao. Wako masheikh wanaokikataza, lakini huku pwani kila mtoto amesimuliwa habari za mwizi aliyesomewa akavimba tumbo. Jumamosi alfajiri mifuko mitano ilikuwa imepangwa mlangoni. Wa sita ulikuwa umefunguliwa, umepungua kama robo, na juu yake noti ya elfu tano imekunjwa mara nne.

Ile noti hainitoki akilini. Mwizi yule alikuwa anamwamini Mungu hata Jumanne. Huenda alipiga na bismillahi mfuko wa kwanza ulipomlemea. Imani yake haikuongezeka kati ya Jumanne na Ijumaa, ila alipangiwa siku. Kiyama kiko mbali na Mola ni mwingi wa rehema, mtu anajiambia atatubu. Jumapili haina nafasi hiyo.

Basi jibu langu ni ndiyo, lakini kwa vipindi. Imani humwongoza mtu saa ile anapokumbushwa, akishasahau anarudi alivyokuwa. Mwaka 2015 mtafiti Erik Duhaime alichapisha jaribio alilofanya na wenye maduka wa mji mkongwe wa Marrakech, Moroko. Aliwapa hiari: wachukue fedha kidogo ziwe zao, au nyingi zaidi ziende kwa maskini. Walioulizwa huku adhana inasikika, wote walizitoa zote sadaka. Katika walioulizwa saa nyingine, waliofanya hivyo walizidi nusu kidogo tu. Mji ule ule, dini ile ile! Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana najijua.

Mizani yangu ni ya mshale. Ukimwaga sukari, mshale unaruka, unacheza cheza, ndipo unatulia. Muuzaji akiwa na haraka, au akijitia haraka, anashusha bakuli mshale ukiwa bado juu, na mteja anaondoka na pungufu ya kijiko kimoja au viwili. Ramadhani nangoja utulie, na naongeza kidogo kwa mkono. Shawali ikiingia, sijui hata ni siku gani, naanza tena kuwa na haraka. Na Sura ya Mutaffifina katika Kurani naijua kwa moyo tangu madrasa: ole wao wapunjao.

Haraka yenyewe ina kesi yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1973, wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson waliwatuma wanafunzi wa seminari, kule Princeton, Marekani, waende jengo la pili wakatoe mazungumzo mafupi. Njiani waliweka mtu ameinama anakohoa na kugumia. Wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia Msamaria Mwema, yule wa Injili aliyemsaidia majeruhi njiani.

Mtasema, na wasioamini je? Denmark wengi hawaonekani kanisani, na katika orodha ya shirika la Transparency International ya mwaka 2024 inayopima rushwa, ambapo alama nyingi ni rushwa ndogo, walipata alama 90 kwa 100. Sisi, tunaofungua hata kikao cha harusi kwa dua, 41. Nadhani wenzetu wana risiti na mkaguzi wanaowakumbusha kila saa, ila hayo nawaachia wachumi.

Mimi nina mkumbushaji wangu. Kuna bibi mmoja hapa mtaani, tasbihi haimtoki mkononi. Akinunua kilo ya mchele anatoa kikapuni kopo kuukuu la maziwa ya unga, ambalo ndani amekwaruza alama kwa msumari. Anamimina mchele wangu humo, anautikisa, anainama kuangalia alama. Siku moja nilimuuliza, nusu utani, "Bibi, mimi na wewe si tunaswali msikiti mmoja?"

"Ndiyo, mwanangu," akasema, huku bado anaangalia alama. "Ongeza kidogo."