Kuazimana na kukodishana vyombo kwenye kundi la mtaa: nani hubeba hasara?

SWALI

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh, shehe wetu. Mimi ni mama mkazi wa Pasua, Moshi. Mtaani tuna kundi la WhatsApp la kupeana vitu ambavyo kila mtu kaviweka ndani tu: maturubai, viti, masufuria makubwa, jenereta, pampu za kumwagilia. Mwenye shida anaandika, mwenye kitu anajibu, pesa inatumwa kwa simu.

Nilikodisha jenereta langu la kVA 2.5 kwa siku mbili, Sh 25,000 kwa siku. Kijana alisema ni la taa na muziki. Limerudi injini inawaka lakini umeme hautoki. Yeye anasema liliacha kutoa umeme lenyewe usiku wa kwanza. Msimamizi wa kundi kamkata Sh 100,000 yote aliyoweka kama amana. Mimi nami nilikuwa nimeazima viti 40 vya plastiki kwa jirani, bila malipo, nikamwambia nitatoa ya soda. Viwili vimevunjika, vitano vimeibwa usiku ingawa nilivifunga kwa mnyororo. Je, nalipa? Halafu msimamizi anachukua asilimia 10 ya kila kodi na anatoza faini ya Sh 2,000 kwa siku kwa anayechelewa. Na la mwisho, majirani zetu wasio Waislamu wanakodi masufuria yangu. Wengine hupikia mbege (pombe ya ndizi), wengine kitimoto (nguruwe). Nifanyeje?

JIBU

Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mama yetu, nianze na hilo kundi lenyewe, maana wapo wanaoliona ni jambo la kidunia tu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maun amewakemea wanaonyima maun, na Ibn Mas'ud (r.a.) amesema kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Ndoo na chungu! Leo ni turubai na jenereta, na ujumbe wa simu umechukua nafasi ya hodi. Hukumu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuja hodi ulimjua yeye na baba yake, ilhali kwenye kundi unamkabidhi mali mtu unayemjua kwa picha tu. Kwa hiyo maneno ya kwenye kundi yanatakiwa yawe kamili kuliko yale ya mlangoni.

Hapo ndipo penye kasoro yenu. Neno "niazime" mtaani linabeba kila kitu: kupewa bure, kukodi, hata kukopa hela. Kwenye fiqhi, elimu ya sheria ya dini yetu, hayo ni mafungu mbalimbali, na hasara hufuata fungu. Kupewa bure ukatumie kisha urudishe ni ariya. Kutumia kwa malipo ni ijara. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, aliyekodi anakishika kitu kama amana: kikiharibika bila uzembe wake na bila kuvuka makubaliano, hadaiwi. Aliyeazima bure ndiye mwenye dhamana: kikipotea mkononi mwake, hata kwa wizi au moto, analipa.

Watu wengi hudhani kinyume, kwamba aliyelipa ndiye wa kubanwa na aliyefanyiwa hisani ndiye wa kusamehewa. Tazama vizuri. Aliyekodi ameshampa mwenye kitu haki yake. Aliyeazima amechukua manufaa yote yeye, basi hasara ikimrudia yule aliyemtendea wema, kesho nani atafungua stoo yake? Vita vya Hunayn vilipokaribia, Mtume (s.a.w.) aliazima deraya (mavazi ya chuma ya vita) kwa Safwan bin Umayya, naye Safwan akauliza kama ananyang'anywa. Akajibiwa kuwa hapana, ni ariya yenye dhamana. Ameipokea Abu Dawud. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, wanaona aliyeazima naye ni mwenye amana tu, ila mimi najibu kwa madhehebu yetu.

Sasa jenereta. Kijana alikodi, kwa hiyo kauli yake kwamba liliharibika lenyewe inakubaliwa kwa kiapo mpaka upatikane ushahidi wa uzembe. Ushahidi wa mashine hautoki kwenye kura ya kundi. Unatoka kwa fundi, mkiwa mmesimama wote wawili. Injini ingekuwa imenoki, kamba isivutike, tungeuliza habari ya oili, maana injini ndogo kama hiyo hubeba kiasi cha lita 0.6 tu na usiku mmoja bila kuangaliwa unaweza kuimaliza. Lakini yako inawaka, basi ubovu uko upande wa umeme. Fundi afungue kifuniko cha nyuma aangalie kaboni, vile vipande vidogo vinavyogusa sehemu inayozunguka. Zikiwa zimelika mpaka hazigusi, au kidhibiti umeme ambacho mafundi hukiita AVR kimekufa na koili (nyaya zilizozungushwa ndani) ni nzima, huo ni uchakavu, na uchakavu ni wa mwenye mali. Koili zikiwa zimegeuka nyeusi na zinatoa harufu ya vanishi iliyoungua, hiyo ni dalili kubwa kwamba lilizidiwa mzigo. Jenereta la kVA 2.5 hubeba kiasi cha wati 2,000 kwa utulivu. Taa na spika za shughuli hazifiki huko; mashine ya kuchomelea mageti inafika na kupita.

Ikithibiti kwamba alilitumia kwa kazi nyingine isiyo taa na muziki, ameshavuka mpaka na analipa. Analipa gharama ya kulirudisha lilivyokuwa. Kama halitengenezeki, analipa thamani yake ya siku ile likiwa limetumika, wala si bei ya jipya dukani. Isipothibiti, hana deni. Tena nakuambia jambo ambalo huenda hukulitarajia: kama kweli lilikufa usiku wa kwanza bila kosa lake, kodi ya siku ya pili, Sh 25,000, ni yake, mrudishie. Umemuuzia manufaa ya siku mbili, naye kapata moja.

Kwa hiyo ile Sh 100,000 msimamizi hakuwa na haki ya kuikata kabla fundi hajafungua mashine. Fedha ya amana ni ya aliyeiweka mpaka deni lithibiti. Airudishe mahali pake leo, isubiri.

Viti je? Kama mgeni alikaa kama watu wanavyokaa na mguu wa kiti ukapasuka, huna deni, maana ndiyo matumizi uliyoruhusiwa. Kama vilipandwa kufungia mapambo, unalipa. Vile vitano vya wizi unavilipa, mama, ingawa ulivifunga mnyororo. Najua inauma, kwa sababu ulijitahidi kuvilinda, lakini hiyo ndiyo ariya.

Limebaki neno "ya soda". Ukilisema mwenyewe kama ahadi ya wema, ariya inabaki ariya, na kwa maelezo yako ndivyo ilivyokuwa. Lakini mwenye viti angesema "nipe ya soda ndiyo uchukue," ingekuwa malipo yasiyojulikana kiasi. Imamu Nawawi ametaja anayemwazima mtu farasi kwa sharti amlishe au naye amwazime wake, akasema hiyo ni ijara iliyoharibika, yaani isiyotimiza masharti: utalipa kodi ya kawaida ya vitu vya aina ile, na dhamana ya wizi usio na uzembe haipo. Tofauti ya viti vitano nzima imesimama juu ya nani alitamka soda, na alitamka kama sharti au kama shukrani. Kuhusu bei, waulizeni wauzaji wawili wa viti vilivyotumika, mchukue thamani ya siku vilipoibwa. Mwenyewe akikusamehe, ni sadaka yake; asilazimishwe na kundi zima kwa kuonewa haya.

Ndiyo maana nasisitiza ujumbe wa kundi uanze na neno moja: KODI au AZIMA. Mfano: "KODI. Turubai 1 la futi 20 kwa 30, mabomba 14, kamba 10. Ijumaa saa 8 mchana mpaka Jumapili saa 4 asubuhi. Sh 40,000, makato ya kutuma ni juu ya anayekodi. Ni la kukalia watu, hakuna kupikia ndani." Anayechukua ajibu "nimekubali", siyo kidole gumba tu, kwa sababu kidole hicho wengine hukituma kumaanisha wameona. Kitu, matumizi, muda na bei vikijulikana, ijara imesihi.

Picha zipigwe mara mbili, wakati wa kutoka na wa kurudi. Mabomba yapigwe picha yakiwa yametandazwa chini yanahesabika, siyo yakiwa kwenye kifungu, maana kifungu cha mabomba 13 na cha 14 vinafanana. Turubai lifunguliwe lote. Msimu wa masika, Machi mpaka Mei, ugomvi mkubwa wa maturubai huwa ni kuvu: limekunjwa bichi, limekaa siku tatu, limeota madoa meusi na kunuka. Aliyekodi akilikunja hivyo amezembea, kwa kuwa kila mtu anajua turubai huanikwa kwanza. Vijana wako wakija kulichukua kwenye mvua wakalikunja wao, hasara ni yako. Upepo ukilichana likiwa limefungwa kamba zote, aliyekodi hadaiwi. Zikiwa zimefungwa mbili kati ya kumi, anadaiwa.

Juu ya faini, mtenganishe vitu viwili. Kitu kikichelewa kurudi na bado kinatumika, kodi inaendelea kuhesabiwa kwa bei ya kawaida. Hiyo ni halali, ni malipo ya matumizi. Tena aliyeendelea kukitumia baada ya muda bila idhini ameshatoka kwenye amana. Kikiibwa siku hiyo analipa. Lakini kitu kikirudi kwa wakati na ikabaki deni la kodi, Sh 2,000 kwa kila siku ya kuchelewesha malipo ni riba, hata mkiita mchango wa kundi. Ifuteni. Anayeweza kulipa na hataki, mzuieni kuchukua kitu kingine. Asiye nacho apewe muda, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 280.

Msimamizi anastahili ujira wa udalali, ila uwe kiasi kinachojulikana. Wanazuoni wetu wa Kishafi hawaridhiki na asilimia ya kitu ambacho bei yake haijatajwa, basi salama zaidi ni kiasi maalumu, mfano Sh 1,000 kwa kila kodi. Fedha za amana azitenge, ikiwezekana kwenye laini ya simu iliyo ya fedha hizo tu. Akizigusa kwa shida zake, hata kwa nia ya kurudisha, zimegeuka deni shingoni mwake.

Sasa masufuria. Kumkodisha jirani Mkristo sufuria, viti au turubai kwa harusi au msiba wake hakuna ubaya, ni ujirani mwema. Akikuambia ni la kupikia mbege au nguruwe, au unajua kwa yakini, usimpe, kwa kuwa tumekatazwa kusaidiana katika dhambi, Suratul Maida aya ya 2. Mwambie kwa upole tangu mwanzo na uandike kwenye tangazo lako: "halipikiwi pombe wala nguruwe". Majirani wa huku wanaelewa, na wengi watakuheshimu kwa hilo. Huna wajibu wa kupeleleza asiyesema. Turubai la harusi ambamo baadhi ya wageni watakunywa si sawa na turubai la kuanzishia kilabu. La pili usilitoe.

Kwa masufuria yaliyokwisha kurudi, yaliyopikiwa mbege yaoshwe mpaka ladha, rangi na harufu viondoke, yanatosha. Yaliyopikiwa nguruwe, kwa madhehebu yetu, yaoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Sugueni kwanza mafuta yaliyoganda pembeni na kwenye masikio ya sufuria kwa sabuni na maji ya moto, ndipo mwanze kuhesabu, kwa sababu maji yanayopita juu ya mafuta hayajafika kwenye chombo. Udongo muuweke katika osho la kwanza, ili sita zinazofuata ziutoe.