Kumpinga mwenyekiti si kukihama chama

Ndugu yangu, unauliza kama ujitoe AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, kwa sababu ulipinga mkopo wa kununua lori, mwenyekiti akakuita mchochezi na kusema asiyetaka aondoke. Usiondoke. Chama si chake. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na ekari mbili au hamsini, na mkutano mkuu uko juu ya bodi.

Anza na karatasi. Soma masharti ya chama: akidi ni watu wangapi, hoja inapelekwa kwa nani na lini. Halafu omba kuona ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu. Hapo ndipo penye uzito wote, maana bodi haina ruhusa ya kukopa kupita kiwango hicho, hata lori liwe zuri namna gani.

Mkutanoni mwache mwenyekiti, ongelea bei, marejesho, na itakuwaje msimu ukiwa mbaya. Omba kura ya siri. Wengi wanaogopa kunyoosha mkono mbele ya mtu anayewapimia mazao, na hilo linaniuma sana.

Ukishindwa, taka pingamizi lako liandikwe kwenye muhtasari, kisha endelea kupeleka mazao chamani. Kuuza pembeni kwa hasira kutawaumiza wenzako. Wakikataa kuliandika, mwandikie afisa ushirika wa wilaya, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.